Kwa Nini Picha Inavunjika Vigae Kwenye Mipito: Jibu kwa Mpiga Video wa Moshi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Ninapiga na kuhariri video za harusi na sendofu hapa Moshi, sasa ni mwaka wa tatu. Ndani ya programu ya kuhariri picha ni safi kabisa, lakini nikishatoa faili, kila mahali nilipoweka mpito wa picha moja kuyeyukia nyingine panavunjika vigae vigae, na hali ni mbaya zaidi pale maharusi wanapomwagiwa maua. Ninatoa H.264, 1080p, fremu 30 kwa sekunde, CBR, bitireti 5,000. Nikimtumia mteja kwa WhatsApp ndiyo haitazamiki. Mwenzangu ameniambia ninunue kompyuta kubwa. Ni kweli hilo ndilo suluhisho?"

Marahaba. Kompyuta usinunue, angalau si kwa sababu hii. Kompyuta kubwa itakumalizia kazi kwa saa mbili badala ya tano, lakini faili likitolewa kwa mipangilio ileile litakuja na vigae vilevile, na huenda vikazidi, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Tatizo lako liko pale mambo mawili yanapokutana, yaani wingi na aina ya mipito uliyoweka, na hiyo CBR, yaani bitireti isiyobadilika, ya kilobiti 5,000 kwa sekunde uliyoitolea faili. Wahariri wengi, hapa Arusha kama huko kwenu, huchagua mipito mchana wakiwa na furaha ya kazi, kisha usiku wa manane, macho yakiwa yamechoka, wakachagua mipangilio ya kutolea faili kana kwamba ni jambo jingine lisilohusu uhariri. Kumbe ni uamuzi mmoja, kwa kuwa kila mpito una bei yake kwa biti, na bitireti, yaani idadi ya biti unazoruhusu kwa kila sekunde, ndiyo fedha uliyonayo mfukoni ya kulipia bei hiyo.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mazungumzo haya hugeuka kuwa ya ladha tu. Fremu moja ya 1080p, yaani picha tuli moja kati ya zile zinazounda video, ina pikseli (nukta za picha) 1,920 kwa 1,080, yaani pikseli 2,073,600. Katika video ya kawaida ya biti 8, mwanga huhifadhiwa kwa kila pikseli lakini rangi huhifadhiwa kwa robo ya pikseli hizo, hivyo kila pikseli hugharimu wastani wa baiti moja na nusu, na fremu nzima huwa takriban megabaiti 3.1. Fremu 30 za sekunde moja zinafika megabaiti 93, au karibu megabiti 746. Wewe unaiagiza programu iipitishe sekunde hiyo katika tundu la megabiti 5. Kwa maneno mengine, unabakiza sehemu moja kati ya 150 na kutaka mtazamaji asione kilichotupwa. Ajabu si kwamba picha inavunjika mahali fulani; ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya harusi inatoka salama.

Inatoka salama kwa sababu ya ujanja mmoja ambao ndio roho ya H.264, kiwango cha kubana video unachotumia, tangu ilipoidhinishwa mwaka 2003. Sehemu ya programu inayobana video, ambayo nitaiita kibanaji, huigawa kila fremu katika miraba ya pikseli 16 kwa 16. Chukua picha ya MC aliyesimama na kipaza sauti mbele ya pazia la ukumbi. Kibanaji huandika fremu moja kamili, kisha katika fremu zinazofuata kinauliza, kwa kila mraba, kama umeshawahi kuonekana. Pazia halijasogea, kwa hiyo kinaandika tu kwamba mraba huu ni uleule wa mwanzo, jambo linalogharimu biti chache mno. Kichwa cha MC kimesogea kidogo, kwa hiyo kinaandika: chukua mraba ule wa fremu iliyopita, usogeze pikseli 3 kulia. Hata kamera ikizungushwa polepole kuonyesha meza za wageni, maelezo hubaki kuwa ya kusogeza tu. MC anaweza kuongea dakika kumi, na wengine huongea kweli, bila kukumalizia biti zako.

Sasa tazama kinachotokea katika mpito wa kuyeyusha. Tuseme bwana harusi anashuka ngazi za kanisa, na picha hiyo inayeyukia picha ya matarumbeta juu ya pikapu, kwa sekunde moja, yaani fremu 30. Katika fremu ya 12 mtazamaji anaona asilimia 60 ya bwana harusi na asilimia 40 ya matarumbeta. Katika fremu ya 13 ni takriban 57 kwa 43. Mraba uliokuwa shavu la bwana harusi sasa ni shavu lililochanganyika na mng'ao wa tarumbeta, na kipimo cha mchanganyiko huo hakijawahi kuonekana katika fremu yoyote iliyopita wala hakitaonekana tena. Kibanaji kinatafuta mraba wa kunakili na hakiupati. Zaidi ya hapo, bwana harusi anaelekea kushoto huku pikapu ikielekea kulia ndani ya mraba uleule, na maelezo ya kusogeza mraba kuelekea upande mmoja hayawezi kufuata njia mbili kwa wakati mmoja. Kinachobaki ni kuandika tofauti yote upya. Biti hazitoshi, kwa hiyo kibanaji kinakadiria kwa namba za jumla, kila mraba kwa makadirio yake, na mipaka ya miraba inaacha kukutana. Hivyo ndivyo vigae unavyoviona. Halafu inakuja fremu ya 14 na kazi inaanza tena, mara 30 mfululizo, kabla picha haijatulia.

Nilijifunza hili kwa aibu. Miaka ya mwanzo nilihariri sendofu moja ya huku Usa River, nikaweka mpito wa kuyeyusha karibu kwenye kila mkato kwa kuwa niliona ni wa heshima, na siku ya kuitazama pamoja na familia, kwenye televisheni kubwa sebuleni, bibi mmoja aliuliza kwa upole kwa nini watu wanaota ukurutu usoni kila picha inapobadilika. Sikuwa na jibu. Nililaumu flashi iliyobeba filamu.

Mipito yote haina bei moja, na ukizijua bei zake utaanza kuchagua kwa namna nyingine. Mkato mtupu, picha moja kuisha na nyingine kuanza hapohapo, ni rahisi kuliko yote: kibanaji hulipa fremu moja kamili kwa mkupuo, kisha kinarudi kwenye kunakili. Tena jicho la binadamu lina kawaida ya kutoona vizuri kwa kitambo kidogo sana baada ya picha kubadilika ghafla, kwa hiyo hata fremu mbili tatu za kwanza zikiwa hafifu, hakuna atakayelalamika. Kufifia hadi giza ni nafuu kuliko kuyeyusha, kwa kuwa H.264 ina njia ya kutabiri inayoruhusu kusema kwamba fremu hii ni ile iliyopita, ila mwanga wake umepunguzwa kwa kiwango fulani. Picha nzima inafifia kwa kipimo kimoja, na maelezo ya aina hiyo yanatosha. Vibanaji makini kama x264 huitumia njia hiyo vizuri, ilhali vingine havijishughulishi nayo. Mpito wa kusukuma, picha moja ikiisogeza nyingine pembeni, nao ni nafuu kuliko unavyodhani, maana kusogeza ndiyo kazi ambayo kibanaji kinaiweza zaidi, ingawa mimi binafsi siupendi katika harusi kwa sababu unafanana na tangazo la duka la samani.

Ghali kuliko yote ni mipito ya kununua au ya kupakua bure yenye vumbi la dhahabu, miali ya mwanga, cheche na moshi. Humo kuna picha mbili zinazoyeyukiana, na juu yake maelfu ya chembe zinazoruka kila moja kwa njia yake. Maua yanayomwagiwa maharusi ni tatizo la jamii hiyohiyo, ila hayo ni ya kweli na huwezi kuyafuta. Kila petali linazunguka, linabadilika umbo, linafunika uso na kuufunua. Ukiongeza mpito wa kuyeyusha juu ya sekunde hizo, umekirundikia kibanaji mzigo juu ya mzigo. Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu maua ni mfupi: ingia kwa mkato, toka kwa mkato, na katikati usiguse kitu. Kama unayapiga kwa fremu 50 kwa sekunde na kuyaonyesha kwa 25, yaani mwendo wa pole wa nusu kasi, utapata pia unafuu usioutarajia, kwa kuwa petali litasogea nusu ya umbali kati ya fremu moja na nyingine, na kibanaji kitalifuata kwa urahisi zaidi.

Sasa hiyo CBR. Maana yake ni kwamba kila sekunde inapewa takriban mgao sawa, iwe ina kazi au haina. Ni kama kamati ya harusi iliyoamua kutumia kiasi kilekile cha fedha kwa kila kikao, kile cha kunywa chai na kuahirisha, na siku yenyewe ambayo ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, lazima aingie ukumbini. Hotuba ya MC inapewa megabiti 5 isizozihitaji, na mpito unaohitaji 15 unapewa 5 zilezile. CBR ina mahali pake, hasa katika kurusha matangazo mubashara ambako njia ya intaneti ina upana maalumu, lakini kwa faili la kuwekwa kwenye flashi au kupandishwa YouTube sioni sababu yake.

Una njia mbili za kuiacha. Ya kwanza ni VBR, yaani bitireti inayobadilika, ya raundi mbili. Katika raundi ya kwanza programu inaipitia video yote na kuandika ni wapi pagumu na wapi pepesi. Katika raundi ya pili inagawa biti kwa kadiri ya ugumu. Utaombwa namba mbili, wastani na kilele. Kwa 1080p ya fremu 25 au 30 weka wastani wa megabiti 8 na kilele cha 16 au hata 20. Kilele ndicho kinachookoa mipito. Wahariri wengi huweka wastani 8 na kilele 9, kisha hushangaa kwamba hakuna kilichobadilika. Njia ya pili ni CRF, ambayo katika HandBrake, programu ya kubana faili za video upya, huonekana kwa jina la RF. Hapa huipi programu bitireti kabisa, unaipa kiwango cha ubora, nayo inatumia biti zozote zinazohitajika kukifikia. Katika x264 ya biti 8 kipimo hiki kinaanzia 0 hadi 51, namba ndogo ikimaanisha ubora mkubwa, na chaguo-msingi lake ni 23. Ukishuka kwa 6 ukubwa wa faili huelekea kuongezeka mara mbili, na ukipanda kwa 6 hupungua nusu. Kwa harusi mimi hutumia 19, na kwa ukumbi wenye taa nyingi za rangi nashuka hadi 18.

Kasoro ya CRF ni kwamba huwezi kujua ukubwa wa faili mapema, na wewe unagawa flashi. Hapo ndipo hesabu inapokuwa na manufaa ya moja kwa moja. Ukubwa ni bitireti mara sekunde, gawanya kwa 8. Filamu yako ya saa moja na nusu ni sekunde 5,400. Kwa megabiti 8 inakuwa megabaiti 5,400. Televisheni nyingi za wateja wetu, hasa za zamani, husoma flashi zilizofomatiwa kwa FAT32 tu, na mfumo huo haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4, hata kama flashi yenyewe ni ya gigabaiti 64. Mteja atakuambia flashi yako imejaa, nawe utabishana naye bure. Ama uikate filamu katika sehemu mbili, kanisani na ukumbini, jambo ambalo familia nyingi hulipenda kwa kuwa wajomba wanataka kuruka moja kwa moja hadi ukumbini, ama ukokotoe bitireti inayotosha. Gigabaiti 4 kwa hesabu ya kompyuta ni baiti 4,294,967,296. Zidisha kwa 8, gawanya kwa sekunde 5,400, utapata takriban megabiti 6.36 kwa sekunde. Toa sauti ya kilobiti 192, bakiza akiba kidogo, na uweke wastani wa 5.9 kwa raundi mbili. Filamu ileile, karibu kwa biti zilezile ulizokuwa ukitumia, itatoka na mipito iliyo safi zaidi kwa sababu tu hotuba zimeacha kula mgao wa matarumbeta.

Ikiwa kuna sababu inayokulazimisha ubaki chini ya megabiti 5, basi teremka hadi 720p. Ina pikseli 921,600, kwa hiyo kila pikseli inapata biti mara mbili na robo ya zile ilizokuwa ikipata. Picha laini ya 720p ni bora kuliko 1080p yenye ukurutu, ingawa mteja aliyezoea kuuliza "ni full HD?" itabidi aelezwe kwanza kabla hajaonyeshwa.

Kuhusu fremu 30 nina neno la kusema, na linahusu umeme wetu. Umeme wa Tanzania ni wa mzunguko wa hetsi 50, na taa nyingi za ukumbini hufuata mapigo hayo, zikipepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa fremu 30 na shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/60 ya sekunde, kila fremu inadaka sehemu tofauti ya kupepesa huko, na matokeo yake ni mwanga unaopanda na kushuka au mistari inayotambaa juu ya picha. Jicho huenda lisiuone sana, lakini kibanaji kinauona: ukuta mweupe ambao ungenakiliwa bure sasa unabadilika katika kila fremu, kana kwamba umeweka mpito mdogo usiokwisha kuanzia mwanzo wa sherehe hadi mwisho. Piga kwa fremu 25 na shata ya 1/50. Utapata na faida nyingine, kwamba bitireti ileile ikigawanywa kwa fremu 25 badala ya 30, kila fremu inapata asilimia 20 zaidi. Lakini angalia: klipu ulizokwisha kupiga kwa 30 usizibadilishe kuwa 25 wakati wa kutoa faili ukiwa umeruhusu programu ichanganye fremu ili kulainisha mwendo. Kuchanganya fremu ni kuyeyusha kwa jina jingine, na utakuwa umeweka mpito katika kila hatua anayopiga bibi harusi. Vivyo hivyo klipu za simu, ambazo mara nyingi fremu zake haziji kwa mwendo wa sawasawa, zigeuzwe ziwe za mwendo mmoja kwa HandBrake kabla hazijaingia kwenye mradi, la sivyo hata sauti ya kiapo itaachana na midomo.

Ukumbi wenye giza unaleta chenga, vile vijidoa vinavyorukaruka kwenye picha, na chenga ni kelele zisizotabirika kwa maana kamili ya neno. Hakuna fremu inayofanana na iliyotangulia. Zipunguze kidogo kwa kichujio kabla ya kutoa faili, ila usizidishe hadi nyuso zikawa kama za sanamu za nta. Sehemu moja tu ambapo ningekuambia uongeze chenga chache kwa makusudi ni kwenye kufifia hadi giza kulikorefu, kwa sababu video ya biti 8 ina ngazi 256 tu za mwanga, na anga la jioni likififia polepole ngazi hizo huonekana kama matuta ya shamba.

Nilisema kompyuta kubwa inaweza kuzidisha vigae. Kompyuta za siku hizi zina saketi maalumu ya kubana video, ama ndani ya prosesa ama kwenye kadi ya picha, na programu nyingi huitumia bila kukuuliza kwa kuwa ina kasi kubwa. Kasi hiyo hupatikana kwa kutafuta kidogo: saketi haihangaiki kulinganisha njia nyingi za kutabiri kila mraba, kwa hiyo kwa bitireti ileile mara nyingi hutoa picha hafifu kuliko x264 iliyopewa muda. Kwa nakala ya kumwonyesha mteja afanye masahihisho, itumie. Kwa nakala ya mwisho, izime, chagua ubanaji wa programu katika mwendo wa polepole, uache mashine ifanye kazi usiku. Na hapa sina budi kutaja umeme tena, safari hii ukikatika. Faili la MP4 kwa kawaida huandika faharasa yake, yaani orodha ya mahali kila kipande kilipo, mwishoni kabisa. Umeme ukikatika mashine ikiwa asilimia 97, utabaki na gigabaiti kadhaa zisizofunguka. Mwenye kompyuta ya mezani bila betri ya akiba atoe kazi sehemu kwa sehemu.

Hilo linanileta kwenye mazoea ambayo naamini yatakusaidia kuliko namba zote hapo juu. Kutoka katika programu ya kuhariri toa nakala mama moja tu, yenye bitireti kubwa, H.264 ya megabiti 50 kwa mfano, ambayo kwa dakika 90 ni takriban gigabaiti 34. Ni kubwa, lakini si ya mteja, ni yako. Nakala nyingine zote, ya flashi, ya YouTube, ya simu, zitengenezwe kutoka kwa mama huyo kwa HandBrake. Usitengeneze kamwe nakala kutoka kwa nakala, kwa sababu kibanaji cha pili hakijui kwamba vigae kilivyovikuta ni makosa. Kinaviona kama sehemu ya picha, kinatumia biti kuvihifadhi kwa uaminifu, kisha kinaongeza vyake. YouTube nayo hubana upya kila unachopandisha, ndiyo maana ni busara kuipa zaidi ya megabiti 8 ambazo yenyewe hupendekeza kwa 1080p ya fremu hadi 30. WhatsApp hubana upya pia, tena kwa ukali. Ukimtumia mteja kwa njia ya video, inaponda. Ukimtumia kama dokumenti, faili linafika lilivyo, na kikomo chake ni gigabaiti 2. Kwa ajili ya status mtengenezee kipande cha pekee, cha sekunde chache, 720p, chenye mikato mitupu, kwa kuwa hata ukiweka mpito wa kuyeyusha humo hakuna atakayeuona kama mpito.

Kwenye uhariri wenyewe sikukatazi kuyeyusha. Kuna mahali mpito huo unasema jambo ambalo mkato hauwezi kulisema, yaani kwamba muda umepita. Mlima Kilimanjaro na kilele chake cha Kibo asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika, ikiyeyukia dirisha la nyumba ambamo bibi harusi anasukwa: huo ni mpito unaostahili biti zake, na kwa bahati njema ni wa nafuu, kwa kuwa mlima hausogei na dirisha halisogei. Picha mbili tulivu zikiyeyukiana, kibanaji kinaweza kutumia fremu zinazotabiriwa kutoka pande zote mbili, ya kabla na ya baada, na kikajikuta karibu na jibu. Linganisha na picha ya droni juu ya migomba ya Machame upepo ukivuma, ikiyeyukia watu wanaocheza kuzunguka keki. Majani ya migomba peke yake yanatosha kumaliza mgao. Hayahitaji msaada wa keki. Kabla hujaweka mpito, simamisha klipu zote mbili uone kama kuna kinachotembea pale zinapokutana. Kama vyote viwili vinatembea, kata. Kama kimoja kinatembea, fupisha mpito hadi fremu 8 au 10 badala ya 25. Nimezihesabu filamu za wanafunzi wangu: mipito 120 ya sekunde moja moja ni kitu cha kawaida kwao, na hizo ni dakika mbili nzima za picha ghali kuliko zote katika filamu, ambazo hakuna mtu aliyeomba ziwemo.

Kabla ya kutoa kazi nzima, chagua sekunde 20 mbaya kuliko zote, zile za maua pamoja na mpito unaozifuata, uzitoe mara tatu: kwa mipangilio yako ya sasa, kwa VBR ya raundi mbili, na kwa CRF 19. Zifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video, simamisha, kisha bonyeza herufi E usonge fremu moja moja katikati ya mpito, huku ukitazama mashavu na shela, si macho wala maandishi, kwa sababu vigae huanzia kwenye sehemu laini. Baada ya hapo zitazame kwenye televisheni, ukikaa umbali ambao familia ya mteja itakaa. Ikiwa hata kwa CRF 18 vigae bado vipo palepale, funga programu ya kuhariri na ufungue klipu asili ya kamera kwa VLC uitazame fremu kwa fremu vilevile. Mara nyingi utakuta kwamba kamera yenyewe, au simu ya msaidizi wako, ilikuwa imepangwa kurekodi kwa bitireti ya chini, na maua yalishavunjika vigae tangu hapo mlangoni pa kanisa.